Saa 1,404 za sauti za usiku kutoka Muheza: programu imenisaidia wapi na imenipoteza wapi

Binti wa Zigi:

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Nimekaa na jambo hili la kutambua wanyama wa usiku kwa sauti zao miezi kadhaa na sikupata mahali lilipoelezwa kwa Kiswahili, tangu kufunga kinasa sauti mtini hadi kuandika jina la mnyama kwenye daftari. Kwa hiyo naweka yote niliyojifunza, pamoja na pale nilipokosea.

Swali langu lilikuwa moja: je, perere (ndugu wa pimbi anayeishi mitini) bado wapo kwenye vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba, huku chini ya msitu wa Amani? Sizungumzii ndani ya hifadhi. Nazungumzia mabonde ya mdalasini, iliki, karafuu na migomba, ambako shamba moja limebakiza miti mitatu minne ya kale na kijiji kina kipande chake cha msitu. Perere hulala kwenye mashimo ya miti mikubwa. Mti ukienda, naye anakwenda. Mchana humwoni, usiku yuko juu kabisa gizani. Ila akianza kulia, bonde zima linajua.

Nikaomba ruhusa serikali ya kijiji na kwa wenye mashamba, nikafunga vinasa sita. Wanaotaka kufanya hivi ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani wajue kwamba hapo ni mamlaka ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na utafiti wa wanyamapori una vibali vyake vya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Msiingie kienyeji.

Kinasa chenyewe ni AudioMoth, kilichobuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford kule Uingereza. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki, kinatumia betri tatu ndogo za AA na memori kadi. Nilivipanga viwake saa 12 jioni na kuzima saa 1 asubuhi, yaani saa 13, kwa usiku 18. Sita mara 13 mara 18 ni saa 1,404. Mtu akikaa kuzisikiliza saa 8 kila siku, Jumapili na sikukuu zote zikiwemo, atamaliza baada ya siku 175 na nusu.

Mpangilio niliotumia ni vipimo 32,000 vya sauti kwa sekunde. Masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) ya juu kabisa unayoweza kunasa ni nusu ya vipimo hivyo, kwa hiyo nilifika kilohezi 16, na perere, komba na bundi wako chini ya hapo. Saa moja ilikula MB 230, usiku mmoja GB 3, siku zote 18 GB 54. Memori kadi ya GB 64 ikatosha na nafasi ikabaki. Anayetaka popo hesabu hiyo haimfai: popo wengi hulia juu ya uwezo wa sikio la binadamu, atahitaji vipimo 250,000 au zaidi, na kadi itajaa upesi sana.

Kuna jambo dogo lililonisumbua siku mbili. Kinasa kinaandika majina ya mafaili kwa muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Faili lililoandikwa 15:00 limeanza saa 12 jioni yetu. Nikagundua njia ya mkato: ukitoa 3 unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 15 toa 3 ni 12. 20 toa 3 ni 17, ondoa 12, ni saa 5 usiku. Andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani, kwa sababu huko mbele muda ndio utakaowaokoa.

Sasa programu. Nimetumia BirdNET, programu ya kutambua ndege kwa sauti, iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani. Ni ya bure, na toleo la kompyuta ukishalipakua linafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa sisi tunaohesabu vifurushi. Haisikii kama tunavyosikia sisi. Inageuza sauti kuwa picha: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, nguvu ya sauti inaonekana kwa rangi. Picha hiyo inaitwa spektrogramu, na hata Audacity, programu ya kuhariri sauti, inaweza kukuonyesha. Naomba sana mtu yeyote asianze na programu ya utambuzi kabla hajakaa wiki moja na picha hizo na sikio lake. Baada ya muda utaanza kuzisoma. Nyenze ni ukanda mmoja mnene juu, haukatiki. Mvua ni ukungu unaofunika kila kitu. Pikipiki ni ngazi ya mistari inayopanda na kushuka pamoja. Hondohondo wakianza alfajiri, sehemu yote ya chini inawaka.

Programu inakata sauti vipande vya sekunde 3, na kila kipande inakipa majina na alama kati ya 0 na 1. Saa 1,404 ni vipande 1,684,800. Kaeni na namba hiyo kidogo. Tuseme programu ni hodari kiasi kwamba inakosea kipande kimoja tu katika 1,000. Bado utapata vipande karibu 1,685 vyenye jina la uongo. Kama mnyama unayemtafuta analia kila usiku, makosa hayo yatazama kati ya milio yake halisi. Lakini kama ni mnyama adimu aliyelia mara tano tu katika siku zote 18, milio mitano hiyo imefukiwa chini ya uongo 1,685. Kwa wanyama tunaowatafuta kwa hamu kubwa ndipo imani yetu kwa orodha ya programu inapopaswa kuwa ndogo kabisa.

BirdNET iliundwa kwa ajili ya ndege, lakini ina sehemu ya kuifundisha sauti zako mwenyewe. Nilisikiliza kwa sikio usiku tatu za mwanzo kutoka kila kinasa, nikakata mifano ya perere na ya komba, kisha nikajaza kapu la "si kitu": mvua, nyenze, jogoo, mbwa, bodaboda, mashine ya kusaga, adhana ya alfajiri inayopanda kutoka bondeni. Kapu hili ni muhimu kuliko mifano ya mnyama mwenyewe. Nikaongeza pia mifano michache ya bundi mdogo wa Sokoke kutoka xeno-canto, ile maktaba ya sauti za ndege iliyopo mtandaoni tangu 2005.

Asubuhi moja nikafungua majibu, nikakuta bundi wa Sokoke ametajwa mara nyingi kwenye kinasa namba 4, kwa alama za 0.9 na kuendelea. Moyo ulinienda mbio. Ni bundi anayejulikana kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na kwa upande wetu kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Yuko hatarini kutoweka. Niliwaandikia watu wawili kabla sijasikiliza hata kipande kimoja.

Kisha nikapanga majibu kwa muda. Karibu yote yaliangukia kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kumekwisha pambazuka. Nikasikiliza. Alikuwa kale kandege kadogo ka jamii ya Pogoniulus, kanakokaa juu ya mti na kupiga po, po, po, po bila kuchoka kama fundi bati. Bundi wa Sokoke naye hutoa noti mojamoja zinazofuatana kwa mwendo, na kwenye picha ya sekunde 3 vidoa vya huyu na vya yule vinakaribiana. Nilikuwa nimeipa programu mifano ya bundi, sikuipa hata mmoja wa fundi bati. Asiyekuwemo kwenye orodha hupewa jina la anayefanana naye. Jioni ile niliwaandikia tena wale watu wawili nikafuta nilichosema, na niliona uchungu.

Kwa perere mambo yamekuwa mazuri. Vinasa vinne kati ya sita vina perere niliyemthibitisha kwa sikio langu. Viwili ni kimya, na vyote viwili viko kwenye mashamba ambayo miti mikubwa ilikwisha kupasuliwa mbao.

Naomba maswali, na zaidi naomba masahihisho.

Fundi Ngamiani:

Hongera dada, kazi imesimama. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa mjini Tanga. Swali la kwanza: kwa nini usirekodi kwa MP3 ukaokoa nafasi? La pili: unyevu wa kule juu umeudhibiti vipi? Simu za watu wa Amani zikiletwa kwangu nazijua kwa kutu tu, hata kabla mwenyewe hajasema anatoka wapi.

Binti wa Zigi:

Ahsante fundi. MP3 inapunguza faili kwa kutupa kile ambacho sikio la mtu halitakikosa sana. Lakini programu inasoma picha, na kwenye picha mapengo yanaonekana, hasa kwa sauti hafifu ya mbali, ambayo ndiyo nusu ya kazi yangu. Ninarekodi WAV, ambayo haibani sauti kabisa. Nikimaliza kuchambua nahifadhi kwa FLAC, ambayo inapunguza ukubwa bila kutupa chochote.

Unyevu umenitesa. Niliweka kila kinasa kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa kubana, nikaweka humo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mfuko unapunguza sauti za juu kidogo, lakini bila mfuko kinasa kinakufa. Hakikisheni plastiki haipigipigi kwa upepo. Usiku wa kwanza kinasa namba 2 kilirekodi mfuko wake chenyewe hadi asubuhi. Na sisimizi wanapenda kujenga humo, kwa hiyo kamba ya kufungia naipaka grisi.

Fundi Ngamiani:

Vipakiti hivyo vikishashiba maji havisaidii tena. Viweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo sana vikauke, au juani siku nzima. Ninavyo vingi dukani, ukishuka mjini pitia uchukue bure.

Mzee wa Kwamkoro:

Binti yangu, nimesoma yote, taratibu, mjukuu akinisaidia kukuza maandishi. Nilifanya kazi ya kulinda msitu tangu enzi ambazo tochi ilikuwa ya betri kubwa na daftari ulilifunga kwenye nailoni. Hatukuwa na mashine. Tulikaa chini, tukanyamaza.

Nataka kukuuliza juu ya komba. Umeandika "komba" kama vile ni mmoja. Huku kuna komba mkubwa, yule anayelia kama mtoto aliyeachwa, na kuna wadogo, nao si wa aina moja. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, tochi ikiwamulika ni macho mekundu tu. Kwa sauti, unaweza. Wa juu kwenye baridi halii kama wa chini kwenye minazi.

Na la pili. Huko vijijini usiwaambie watu unatafuta bundi. Waambie perere. Bundi kwetu bado ni uchuro, na mtu akiona kidude kinachowaka taa nyekundu kwenye mti wake, kisha akasikia kinamwita bundi, atakikata kwa panga na hutamlaumu.

Binti wa Zigi:

Shikamoo mzee wangu. Umenishika mahali penyewe. Hata wataalamu wa komba wadogo wanatumia mlio kama njia kuu ya kutenganisha aina zao, kwa sababu manyoya yanafanana mno. Mimi niliwatupa wote kapu moja kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniambia yupi ni yupi. Naweza kukuletea sauti uzisikilize? Sina haraka, hata kumi kwa siku zinatosha.

Kuhusu bundi, nilifanya hivyo hivyo ulivyosema, nilitaja perere tu. Lakini naomba niseme ukweli: nilijisikia vibaya kuficha. Mwenye shamba moja alipouliza "na wengine je?" nikamwambia kinasa kinachukua kila kinacholia. Akafikiri, akasema sawa, ila kisielekezwe nyumbani kwake.

Mzee wa Kwamkoro:

Marahaba. Lete sauti. Mjukuu ana spika.

Mdau wa Haki:

Hilo la mwenye shamba ndilo lililonileta. Kinasa kinachukua kila kinacholia, na watu pia. Saa 13 za usiku kando ya njia za vijijini: mume na mke wanagombana wakirudi, kijana anaongea na simu, mtu anapita na mzigo ambao hataki ujulikane. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Umelishughulikiaje hili? Siulizi kwa ubaya, nauliza kwa sababu watafiti wengi hawalitaji kabisa.

Binti wa Zigi:

Swali zuri, na sikulifikiria vya kutosha mwanzoni. Nilichofanya: vinasa viliwekwa mbali na nyumba na mbali na njia kuu, kila mti ulikuwa na kibao chenye jina langu, namba ya simu na maneno "kinarekodi sauti", na kwenye mkutano wa kijiji niliwasikilizisha watu mfano wa dakika tano. Hapo ndipo walipoelewa kinachukua nini. Maelezo yangu yote ya mdomo hayakufikia dakika hizo tano.

Kwenye kuchambua, niliifundisha programu kutambua mazungumzo ya watu, na kila kipande chenye sauti ya mtu kinafutwa bila kusikilizwa. Hapa niliweka kiwango cha chini kabisa kwa makusudi, hata kama kilifuta na sauti za kima. Bora nipoteze kima.

Kuna jambo moja sijalitatua moyoni mwangu, na naliweka wazi. Usiku mmoja kinasa namba 6 kilichukua msumeno wa mnyororo, saa 8 usiku, kama dakika arobaini. Halafu mti ukaanguka. Unausikia ukilia, kisha unaanguka, kisha nyenze wananyamaza kwa muda mrefu. Perere alikuwa amelia mahali hapo hapo saa 3 usiku ule ule. Nilikwenda kwa kamati ya maliasili ya kijiji nikawaambia tarehe na mahali, sikuwapa sauti. Kama ningewapa, mtu mmoja pengine angejulikana, na kesho yake hakuna shamba ambalo lingekubali kinasa changu. Sijui wengine mngefanya nini.

Mdau wa Haki:

Ningefanya ulivyofanya. Watu walikubali kinasa cha perere, hawakukubali kinasa cha upelelezi. Wakitaka kulinda msitu wao kwa vinasa, hilo ni azimio la mkutano wa kijiji, na liandikwe.

Mpangani:

Sisi huku Pangani upande wa Saadani shida yetu ni tembo kuingia mashambani. Vinasa hivi vinaweza kutupa taarifa mapema?

Binti wa Zigi:

Ndugu yangu, hivi vya kwangu hapana, na sitaki nikupe matumaini ya bure. Tembo huongea sana kwa sauti za chini, nyingine ziko chini ya hezi 20 ambazo sikio letu haliwezi kuzisikia. Sauti hizo zinasafiri mbali sana, ndiyo maana Cornell wana mradi wa miaka mingi wa kuwasikiliza tembo wa msituni Afrika ya Kati. Lakini kipaza sauti kidogo kama cha kwangu hakikuundwa kwa chini hivyo. Pia kinasa changu kinahifadhi kwenye kadi, najua kilichotokea baada ya kukishusha mtini. Mkulima anahitaji kujua sasa hivi. Hicho ni chombo kingine, chenye mtandao na umeme wake.

Mpangani:

Nimekuelewa. Tutaendelea na pilipili na makopo.

Mtafiti Chipukizi:

Dada, mimi niko mwaka wa mwisho chuoni na nina data kama zako. Msimamizi ameniambia niweke kiwango cha alama 0.7 nitupe vyote vya chini, basi. Ni sawa?

Binti wa Zigi:

Mdogo wangu, kaa tulizungumze hili vizuri, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Alama ya 0.7 haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 70. Ni kipimo cha programu yenyewe cha jinsi kipande kinavyofanana na ilichofundishwa. Kwa spishi moja 0.3 inaweza kuwa karibu kweli kila mara, kwa nyingine 0.9 ikawa uongo mtupu, kama bundi wangu. Kwa hiyo kiwango kimoja kwa spishi zote hakifai.

Chukua spishi moja. Gawa majibu yake kwa alama: 0.1 hadi 0.2, 0.2 hadi 0.3, na kuendelea. Kutoka kila fungu chota vipande kama ishirini bila kuchagua, mashine ichote, usichote mwenyewe. Visikilize bila kuona alama zake. Andika ndiyo, hapana, au sina hakika. Ukimaliza utaona kwa macho ni wapi "ndiyo" zinaanza kushinda, na hapo ndipo pa kuweka kiwango cha spishi hiyo, mahali hapo, kwa vinasa hivyo. Perere wangu nimemweka 0.45, komba 0.8. Msichukue namba zangu, ni za bonde langu.

Halafu fanya upande wa pili ambao wengi wanauruka. Chota saa kadhaa ambazo programu imesema hakuna kitu, uzisikilize zote. Hapo utajua inakosa kiasi gani. Mimi niligundua inamkosa perere karibu kila mara mvua inaponyesha. Kwa hiyo siwezi kusema "usiku wa mvua perere hawalii". Naweza kusema usiku wa mvua mimi sisikii.

Na usihesabu vipande ukasema ni wanyama. Perere mmoja akilia dakika mbili mfululizo ni vipande 40. Ukiandika "perere 40" umepotosha. Mimi naandika tu: usiku huu, kinasa hiki, alisikika au hakusikika.

Ukitumia BirdNET kwa ndege, angalia pia kichujio cha mahali na wiki. Orodha yake inatokana na kumbukumbu za watazama ndege kwenye eBird, na huku kwetu watazamaji ni wachache kuliko Ulaya. Ndege aliyepo anaweza kuondolewa kwenye orodha kabla hata hajasikilizwa. Mimi natengeneza orodha yangu mwenyewe.

Mtafiti Chipukizi:

Vipande ishirini mara mafungu tisa mara spishi kumi ni vipande 1,800, dada.

Binti wa Zigi:

Sekunde 3 kila kimoja ni saa moja na nusu ya sauti. Ukirudiarudia ni siku tatu. Umekaa msituni miezi mingapi kuzikusanya?

Mtafiti Chipukizi:

Minne. Nimekuelewa, naanza kesho.

Mzee wa Kwamkoro:

Binti, nimesikiliza zote kumi ulizotuma jana. Ya 1, ya 2 na ya 5 ni komba mkubwa. Ya 3, ya 7 na ya 8 ni wadogo wa chini, wale wa minazini. Ya 4 si komba kabisa, ni mtoto wa perere anajifunza, anakwaruza halafu anakatika, hafiki juu. Ya 6 na ya 10 sina hakika. Ya 9 uliniandikia nini? Hiyo umeipata wapi?

Binti wa Zigi:

Mzee, ya 9 sikukwambia kwa makusudi ili nisikuongoze. Baada ya kuifundisha programu upya na mifano ya fundi bati, majibu ya bundi wa Sokoke yalifutika karibu yote. Vilibaki vipande vitano. Vinne ni chura. Hicho cha 9 ni kinasa namba 4, saa 8 na dakika 20 usiku, noti sita, hafifu. Alama ni 0.31 tu.

Mzee wa Kwamkoro:

Sitasema ndiyo. Nilimsikia bundi huyo miaka mingi iliyopita, na mara ya mwisho sikumbuki ilikuwa lini. Lakini fundi bati hapigi saa 8 usiku, na chura wa bonde lile ninamjua. Nyuma ya hizo noti nasikia maji yanaanguka. Kinasa namba 4 kiko kwenye kijito chenye jiwe kubwa?

Binti wa Zigi:

Ndiyo, hatua kama mia juu ya jiwe.

Mzee wa Kwamkoro:

Twende Jumamosi. Magoti yangu yanafika mpaka jiweni. Juu utapanda wewe na mjukuu.

Binti wa Zigi:

Wadau, tumerudi alfajiri hii. Tulimwarifu mwenyekiti wa kitongoji na mwenye shamba, tukakaa tangu saa 6 usiku hadi saa 10. Mzee alikaa jiweni na blanketi, sisi juu kwenye kinasa. Bundi hatukumsikia. Tulisikia perere wawili, mmoja upande wetu na mwingine ng'ambo ya kijito, wakipokezana, na mzee anasema wa ng'ambo ni dume mkubwa. Kwenye rekodi zangu zote eneo hilo lilionekana kuwa na mmoja tu.

Kipande cha 9 nimekiandika "bundi wa Sokoke, hakijathibitishwa", pamoja na sauti yenyewe. Nimebadilisha betri za namba 4, na cha saba nimekifunga ng'ambo ya kijito. Vyote viwili vitarudi chini baada ya siku 18.